Mtakatifu Mmoja, Nyumba Nyingi: Majina ya Miji na Taasisi katika Kaunti ya Stearns, Minnesota



Katikati ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kuna kaunti iitwayo Stearns ambayo ramani yake husomeka kama litania. Mji wake mkubwa ni St. Cloud, ukingoni mwa mto Mississippi. Ukitoka hapo unakutana na St. Joseph, St. Stephen, St. Martin, St. Anthony, St. Rosa, St. Wendel na St. Augusta, vingine vikiwa vijiji vya kanisa moja na nyumba chache zilizolizunguka. Taasisi nazo zimebeba majina ya aina hiyohiyo: monasteri na chuo cha Mtakatifu Benedikto mjini St. Joseph, abasia na chuo kikuu cha Mtakatifu Yohane kilomita chache kutoka hapo, hospitali ya St. Cloud, jimbo katoliki la St. Cloud, hata chuo kikuu cha serikali kiitwacho St. Cloud State University. Wengi huyaona majina haya kuwa alama ya uchaji wa watu wa kale, na kuyafikiria huishia hapo. Hoja yangu leo ni kwamba majina hayo yalikuwa kwanza mwaliko. Yalitumika kuwaita watu wa mbali waje wakae, na taasisi zilizoyabeba ndizo zilizowafanya walioitwa waamini kwamba wataishi salama.

Ushahidi wa kwanza ni wa padre mmoja mzee. Francis Xavier Pierz, Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1785 katika himaya ya Austria, alifika Minnesota mwaka 1852, umri ukikaribia miaka 70, kuwahudumia Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Katika miaka ya 1854 na 1855 aliandika barua katika magazeti ya Wakatoliki wenye asili ya Ujerumani, likiwemo Wahrheitsfreund la Cincinnati. Aliusifia udongo, maji na misitu ya bonde la mto Sauk, akawahimiza Wakatoliki wema waje haraka wachukue ardhi. Walikuja, Wajerumani kwa wingi, na baadaye Waslovenia waliokusanyika St. Stephen. Tazama pia jina la St. Wendel. Huyu ni msimamizi wa wachungaji na mifugo, anayeheshimiwa sana katika nchi za Wajerumani na ambaye jirani wa Kiingereza au wa Kiayalandi asingemfikiria. Mkulima aliyesikia jina hilo alijua bila kuuliza ni lugha gani ingezungumzwa baada ya misa, na kwamba ng'ombe wake wangekuwa na wa kuwaombea. Hadi leo Stearns ndiyo kaunti inayoongoza kwa maziwa katika Minnesota.

Lakini mwaliko bila mwenyeji ni maneno matupu, na hapo ndipo taasisi zinapoingia. Mwaka 1856, kwa ombi la Askofu Joseph Cretin wa St. Paul, Wabenediktini watano kutoka abasia ya St. Vincent, Pennsylvania, waliwasili St. Cloud. Mwaka uliofuata bunge la Minnesota liliwapa hati ya kuanzisha seminari ya Mtakatifu Yohane, na mwaka huohuo masista wa shirika hilo wakafika. Mwaka 1863 masista walihamia St. Joseph. Walifundisha shule za vijiji, wakauguza wagonjwa, na mwaka 1913 wakafungua chuo cha wanawake. Katikati ya karne ya 20 monasteri yao ilikuwa na masista zaidi ya elfu moja. Pima uzito wa jambo hilo katika mji mdogo kama ule: mwalimu wa mtoto, muuguzi wa bibi na mnunuzi wa mboga wangeweza kutoka nyumba moja. Mji wa Yosefu na nyumba ya Benedikto viliishi kwa kutegemeana, na jina lolote kati ya hayo mawili lilikuwa na maana kwa sababu la pili lilikuwepo.

Kuna pingamizi linalostahili jibu la kina. Mtu atasema: jina la St. Cloud lenyewe ni la bahati tu, halina mwaliko wowote ndani yake. Ni kweli kwamba aliyelichagua, John L. Wilson, mzaliwa wa Maine, hakuwa padre. Alivutiwa na habari za Napoleon na kasri la Saint-Cloud karibu na Paris. Mtakatifu mwenyewe, Clodoald, mjukuu wa mfalme Clovis, aliyewapoteza ndugu zake kwa mikono ya ami zao akaacha kiti cha ufalme akawa mtawa, huenda hakumjia akilini kabisa. Hata hivyo tuangalie jina hilo lilifanya kazi gani. Mwaka 1856 liliunganisha vitongoji vitatu visivyopendana: cha juu cha watu wa Kusini, baadhi yao wakiwa wamekuja na watumwa, cha kati cha Wajerumani Wakatoliki, na cha chini cha Waprotestanti wa Mashariki. Chuki haikwisha. Mwaka 1858 wapinzani wa mhariri Jane Grey Swisshelm, aliyepiga vita utumwa, walivunja mtambo wake wa kuchapia na kuzitupa herufi zake mtoni, naye akaendelea kuchapisha. Jina ambalo halikuwa la kundi lolote kati ya hayo matatu liliweza kubebwa na yote.

Historia ya hospitali yathibitisha jambo hilo. Masista walipoifungua mwaka 1886 waliipa jina la Benedikto, mwanzilishi wa shirika lao. Baadaye ikaitwa kwa jina la Rafaeli, na mwaka 1928, ilipopata jengo jipya, ikachukua jina la mji. Masista waliweka kando jina la baba yao wa kiroho wakapokea la mtakatifu aliyeletwa na shabiki wa Napoleon, na kwa kufanya hivyo walitangaza kwamba kila mkazi ana haki ya kitanda. Chuo cha ualimu cha serikali, kilichoanza mwaka 1869 katika jengo lililokuwa hoteli, kiliitwa kwa jina hilohilo kwa kuwa ndilo la mji, ingawa Marekani haina dini ya taifa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Mwaliko huu ulitolewa juu ya ardhi ya wenyewe. Wadakota walilazimishwa kuachia maeneo makubwa katika mikataba ya 1851. Waho-Chunk, waliokuwa wamewekwa Long Prairie, magharibi mwa Mississippi, walihamishwa tena mwaka 1855, wakati uleule barua za Pierz zilipokuwa zikisomwa Cincinnati. Padre aliyekuja kwa ajili ya wenyeji ndiye aliyewaita waliochukua nafasi yao. Mtafiti anayeyaandika majina haya kama sifa ya imani tupu anaificha hali hiyo. Anayeyasoma kama mwaliko analazimika kuuliza ni nani hakualikwa.

Wengine husema kwamba leo majina hayo ni mabaki yasiyogusa mtu. Wakazi wa St. Augusta wamekwisha kulijibu hilo. Mwaka 2000, wakihofia kumezwa na St. Cloud, walijisajili kuwa mji na kujiita Ventura, jina la gavana Jesse Ventura, aliyewahi kuwa mwanamieleka, ili serikali iwatazame. Kabla ya mwaka kwisha walipiga kura wakarudi kwa Augusta. Gavana aliwafaa kama ngao ya miezi michache, lakini hawakutaka kuishi chini ya jina lake.

Na mwaliko haukufungwa. Katika miongo ya karibuni Wasomali wengi wamehamia St. Cloud, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, Kenya. Wapo wanaodai kwamba mji wenye jina la mtakatifu Mkristo si mahali pa Waislamu. Dai hilo halisimami mbele ya ushahidi: mji huo ulipewa jina ambalo hakuna kundi lililoweza kulidai, na hospitali na chuo vikalichukua kwa kuwa ndilo la mji mzima. Mwaka 2017 baraza la mji lilipoletewa pendekezo la kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, lililikataa. Jimbo katoliki la St. Cloud nalo lina udugu wa muda mrefu na jimbo la Homa Bay, Kenya, na wajumbe huenda na kurudi kati ya Mississippi na Ziwa Victoria. Pierz aliwaandikia watu wa dini yake peke yao. Mji ambao barua zake zilisaidia kuujaza umekwenda mbali zaidi ya hapo, na wanaohesabu wakazi wake kwa majina ya makanisa tu wanaiacha nje sehemu ya mji inayokua.