Kiangazi cha Mstaafu: Afya, Usalama na Kiinua Mgongo

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanaumoja kwenye harambee ya mwaka

  

Nimeombwa nizungumze juu ya kustaafu. Nami nimeomba niruhusiwe kuzungumzia msimu mmoja tu, yaani kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba. Ndio msimu ambao wengi wetu tunarudi nyumbani na mizigo yetu. Barabara za vijijini zinapitika, mahindi yamevunwa, na wale ambao vyeti vyao vinasema walizaliwa tarehe 1 Julai (na mnajua tuko wengi kiasi gani) wanapata barua zao za kustaafu wakati huo huo. Mtu anafika nyumbani akiwa na kiinua mgongo benki, mwili uliozoea joto la Dar es Salaam, na ndugu waliomsubiri miaka thelathini.

Tuanze na baridi, maana hiyo haisubiri. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete na baadhi ya maeneo ya Mufindi ni juu zaidi, mpaka barafu nyembamba inaonekana kwenye majani asubuhi. Mwezi Juni na Julai watu wetu hufanya nini? Huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha na kulala. Kila mwaka tunazika watu kwa sababu hiyo. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unaumwa kichwa kidogo, unasikia kichefuchefu na usingizi mzito, unadhani ni uchovu wa safari. Jiko liote nje au jikoni penye hewa, na likatolewe kabla ya kulala hata kama makaa yanaonekana yamezima, kwa sababu makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa sumu. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje, mpeleke hospitali. Msikae kubishana kama amerogwa.

Blanketi la pili, soksi na kofia ni bei nafuu kuliko jeneza. Na komoni haipashi mwili joto. Inaleta damu kwenye ngozi, unajisikia vizuri, huku joto lenyewe linatoka.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kiu. Kwenye baridi mzee hasikii kiu, na hewa ya kiangazi huku kwetu ni kavu. Anakunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, na mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Kama anatumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kupunguza maji mwilini, anasimama ghafla usiku kwenda chooni nje, kizunguzungu kinampiga, anaanguka na kuvunjika nyonga. Nyonga iliyovunjika kwa mtu wa miaka 70 mara nyingi ndiyo mwanzo wa mwisho. Kwa hiyo maji ya vuguvugu mchana, ndoo yenye mfuniko chumbani usiku, na tochi karibu na mto. Mnaojenga, choo kiwe ndani. Aibu ya mwaka 1975 kwamba choo hakikai nyumba moja na jiko tuiache huko huko.

Na jua msilidharau kwa sababu upepo ni wa baridi. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo jua linavyochoma zaidi, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kofia yenye ukingo mpana shambani inasaidia ngozi na inasaidia macho.

Kabla ya kuhama, hamisha matibabu kwanza. Omba barua ya kliniki na orodha ya dawa unazotumia, chukua dawa za mwezi mzima au zaidi, kisha ukifika jisajili kwenye hospitali iliyo karibu nawe. Tunazo za kutegemea: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ya Mkoa Iringa, Tosamaganga, Ikonda kule Makete. Uliyekuwa mwanachama mchangiaji wa NHIF kazini, ulizia haki yako na ya mwenza wako baada ya kustaafu mapema, kabla ya siku ya mwisho kazini. Shughuli ya kadi inayoanza ukiwa tayari kitandani ni mateso kwa familia nzima.

Sasa fedha. Nitataja hesabu, na naomba mtu asinukuu kwamba ndiyo yake. Kikokotoo kinachukua miezi uliyochangia, kinazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, kinagawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Tangu bajeti ya 2024/25, waliokuwa kwenye kundi la kupata mkupuo wa asilimia 50 zamani wanapata asilimia 40 badala ya 33, na wale waliokuwa wa asilimia 25 wanapata 35. Sehemu ya mkupuo inazidishwa kwa miaka 12 na nusu. Inayobaki inalipwa kila mwezi. Chukua mwalimu aliyechangia miezi 360, wastani wa mshahara milioni 1 kwa mwezi, kundi la asilimia 40. Mkupuo wake ni kama milioni 37, na pensheni yake kama shilingi 372,000 kwa mwezi.

Milioni 37 zinaonekana nyingi siku zinapoingia. Lakini kiangazi ndio msimu wa tofali za kuchoma na kuezeka, wa harusi, kipaimara na mahafali. Fundi yuko mlangoni, kadi za mchango ziko mezani, mpwa ana wazo la bajaji. Nimeona fedha za miaka thelathini zikiisha kati ya Julai na Novemba, mvua ikanyesha juu ya pagala lisilo na bati. Huyo mstaafu hakuwa mlevi wala mpumbavu. Alikuwa mkarimu, na hakuna aliyemwambia kwamba mshahara umekoma.

Ushauri wangu: miezi sita ya kwanza usianzishe chochote. Ishi kwa pensheni, uone inatosha wapi na inapungua wapi. Fedha za mkupuo ziweke mahali zinapozaa bila kukuita shambani. Hatifungani za Serikali unaweza kuanza na shilingi milioni 1, riba inalipwa kila miezi sita, na Benki Kuu ina tawi Mbeya. Mifuko ya UTT ni njia nyingine, na huko kutoa fedha ni rahisi zaidi ukiugua. Mfano tu: milioni 10 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inakupa 600,000 kila baada ya miezi sita. Hiyo ni mbolea na ada ya mjukuu.

Kuhusu miti, najua nitawaudhi watu wa Mufindi. Msindano unataka miaka 15 na zaidi ili utoe mbao nzuri. Ukipanda ukiwa na miaka 60, unavuna ukiwa na 75 au mwanao ndiye anavuna. Panda, lakini liite jina lake, urithi. Kwa kipato chako mwenyewe, parachichi la kubebeshwa linaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na Rungwe wamelionyesha. Ila nalo linataka maji kiangazi, na linataka uwe na mnunuzi kabla hujachimba mashimo.

Na shamba la miti ndilo linaloua wazee Septemba na Oktoba. Jirani anachoma mabaki akiandaa shamba, upepo unageuka, mzee anaona jasho la miaka kumi linaungua, anakimbilia moshi peke yake na tawi mkononi. Asikimbie. Lima ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba mwezi Juni, patana na majirani na ofisi ya kijiji siku za kuchoma, na moto ukitokea piga yowe kwanza. Miti hupandwa tena.

Wapo pia wanaotuvuna sisi. Mnakumbuka DECI mwaka 2009, watu "wanapanda mbegu" na kungoja mavuno? Siku hizi wanapiga simu. Anakutajia jina lako kamili na ofisi uliyostaafia, anasema mafao yako yamekwama, tuma kidogo yaharakishwe. PSSSF na NSSF hawatozi ada ya kuharakisha mafao. Kata simu, nenda ofisini kwao. Uhakiki wa kila mwaka fanya mwenyewe, kwa simu ikiwezekana, mjukuu akishika kamera, lakini namba ya siri hata mjukuu asiijue.

Mwenyekiti, namalizia na jambo litakalopunguza makusanyo ya leo. Nimeona kwa miaka mingi tukitangaza kwa kipaza sauti majina ya waliostaafu karibuni, na ukumbi mzima unageuka kuwatazama. Mtu anaahidi milioni mbili kwa sababu ya macho ya watu. Napendekeza mstaafu asiombwe ahadi ya fedha kwa mwaka wake wa kwanza. Aombwe siku zake: muuguzi mstaafu akapime shinikizo la damu kwa wazee kijijini mwezi Julai, mhasibu akague vitabu vyetu, mwalimu awasaidie wenzake kujaza fomu za mafao. Fedha tudaiwe sisi ambao mshahara bado unaingia.

Fomu za ahadi zinaanza kupita sasa. Waliostaafu mwaka huu wameketi safu mbili za mbele. Naomba vijana mnaozigawa mzivuke safu hizo.