Umri wa Simu: Intaneti, Mazingira na Kazi Iliyo Mbele ya Wadhibiti Wetu



Agosti 2025, England ilipokumbwa na ukame, serikali ya Uingereza iliwashauri wananchi, pamoja na mengine, wafute barua pepe na picha zao za zamani ili kuokoa maji, kwa kuwa vituo vya data hutumia maji kupoza mitambo. Nia ilikuwa njema, lakini ushauri uliwapeleka watu kusiko na faida. Barua pepe iliyolala kwenye seva haidai maji ya kuhesabika. Mtu anayekaa saa nzima akipekua na kufuta ujumbe wa miaka kumi huenda akatumia umeme mwingi kuliko anaouokoa. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kwa mtumiaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, mzigo mkubwa wa intaneti kwa mazingira uko kwenye kifaa anachokishika, kuliko kwenye anachotuma au kutazama. Jambo la kupigania, basi, ni umri wa kifaa hicho.

Tupige hesabu. Simujanja yenye betri ya miliampia-saa 5,000 hubeba nishati ya wati-saa 19 hivi. Ukiichaji kila siku mwaka mzima utatumia kilowati-saa 7. Ongeza umeme unaopotea kwenye chaja, bado hazifiki 10. Nchini Kenya, ambako umeme mwingi hutoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo na jua, kiasi hicho huleta hewa ukaa kidogo mno. Sasa tazama kiwandani. Taarifa za mazingira za Apple yenyewe zinaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya hewa ukaa ya iPhone hutokana na kuitengeneza, kabla mnunuzi hajafungua boksi. Wapo watakaosema nimeiacha mitandao na seva. Sijaziacha. Mwaka 2019 takwimu za shirika la Ufaransa, The Shift Project, zilinukuliwa duniani kote kwamba nusu saa ya video mtandaoni hutoa kilo 1.6 za hewa ukaa. Baadaye ikabainika kwamba biti zilichanganywa na baiti, na takwimu ikashuka mara 8. Mchanganuzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati, George Kamiya, alikadiria mwaka 2020 kwamba saa nzima ya video hutoa gramu 36 hivi kwa wastani wa dunia, na sehemu kubwa ya hizo hutokana na kifaa cha kutazamia, hasa runinga kubwa. Kwenye kioo cha simu kiasi hupungua sana. Na pale ambapo mnara wa simu unaendeshwa kwa jenereta, dizeli huungua wanakijiji wakitazama video au wakiwa wamelala. Dawa yake ni paneli za jua mnarani, wala si kumlaumu kijana mwenye bando la wiki.

Simu mpya huanzia ardhini, na ardhi yenyewe iko karibu nasi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa wingi pande za Kolwezi, ambako wachimbaji huzungumza Kiswahili hikihiki ninachokitumia hapa. Mwisho wa safari ni taka: kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa hiyo anayesema kwamba Waafrika tunachangia kidogo mno hewa ukaa kiasi cha kutolijali suala hili anasema nusu ya ukweli. Mchango wetu ni mdogo. Lakini shimo la kuchimbia liko kwetu, na majalala pia yako kwetu.

Ni nini basi kinachoua simu? Mafundi wa simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, hubadilisha vioo, betri na mifumo ya kuchajia kila siku, kwa ustadi ambao vyuo vyetu havijautambua inavyostahili. Wanachoshindwa kukitibu ni programu. Simu nzima kabisa huachwa kwa sababu mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho, programu ya benki ikaikataa, na kurasa za mtandao zikaizidi nguvu. Ukurasa wa kawaida ulikuwa na uzito wa takriban nusu megabaiti mwaka 2011. Leo unapita megabaiti 2. Hapa taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwamo, zina lawama. Tovuti ya matokeo ya mtihani inayopakia video ya mapambo na picha kubwa za viongozi inamlia mzazi bando lake, na inamsukuma kununua simu ambayo hakuihitaji.

Pingamizi zito zaidi linahusu vituo vya data na akili unde. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo hivyo vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na vinaweza kuzidisha hizo maradufu kufikia 2030. Nchini Ireland vilichukua asilimia 21 ya umeme uliopimwa mwaka 2023. Nakubali kwamba kurefusha umri wa simu hakugusi jambo hilo. Lakini nalo halitatuliwi na mtumiaji mmoja mmoja. Linaamuliwa na anayetoa vibali na anayeuza umeme. Kinachowezekana kwa raia ni kudai matumizi ya umeme na maji ya kila kituo yatangazwe hadharani kabla ya ujenzi, hasa katika ukanda mkavu kama Naivasha.

Uwezo wa kudhibiti tunao. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016. Mamlaka zilizoweza kuikata simu kwenye mtandao zinaweza pia kuandika, katika masharti ya kuidhinisha modeli mpya, idadi ya miaka ya masasisho na ya upatikanaji wa vipuri. Umoja wa Ulaya umeanza: tangu Juni 20, 2025 simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na vipuri muhimu kwa miaka 7. Tutaambiwa kwamba masharti haya yatapandisha bei na kumnyima maskini simu. Huenda bei ya dukani ikapanda kidogo. Lakini maskini ndiye anayenunua simu iliyokwishatumika, na ndiye anayeangukiwa na modeli ambayo masasisho yake yamekoma. Kwake, kila mwaka unaoongezwa kwenye uhai wa simu ni mwaka wa kutonunua nyingine.