Uso wa Silikoni na Unyevu wa Pwani: Kemia Tunayoweza Kuanza Nayo Changamwe

Mada kwa warsha ya walimu wa kemia na mafundi wa sola, Magongo, Mombasa



Silikoni ikitajwa, mawazo hukimbilia viwanda vya chipu vya Taiwan. Leo nitashughulika na tabaka moja tu la atomu, lile la juu kabisa, kwa sababu kazi nyingi za silikoni huamuliwa hapo. Hoja yangu ni kwamba uso huo una milango miwili ya kikemia. Mmoja ni wa hatari na gharama. Wa pili tunaweza kuuingia hapa Changamwe kwa vifaa vya maabara ya kawaida, bila kungoja kiwanda cha mtu.

Silikoni ni kama asilimia 28 ya uzito wa ganda la dunia, kwa hiyo mchanga, ambao ndio chanzo chake, si tatizo letu. Ndani ya fuwele, kila atomu imeshikana na nyingine nne. Ukiikata fuwele, atomu za juu hubaki na mikono mitupu. Kwenye uso ambao wanakemia huuita 111, kila sentimita moja ya mraba ina mikono ya aina hiyo karibu trilioni 780. Haikai mitupu kwa muda mrefu: oksijeni na mvuke wa maji huidaka, na baada ya muda uso hufunikwa na oksidi yenye unene wa nanomita moja au mbili. Oksidi hiyo inayojiotea hovyo ina mapengo, na elektroni hunaswa mle. Katika seli ya sola, elektroni iliyofunguliwa na mwanga ikifika hapo hupotea kabla haijaingia kwenye waya.

Aliyetuonyesha namna ya kuutuliza uso huo ni Mwafrika. Mohamed Atalla alizaliwa Port Said, Misri, mwaka 1924, akasoma Cairo kisha Marekani, na akaajiriwa katika maabara za Bell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alithibitisha kwamba oksidi iliyokuzwa kwa joto kali, kwenye silikoni iliyosafishwa barabara, hufunga mikono mingi mitupu na kuufanya uso utulie. Mwaka 1960 yeye na Dawon Kahng wakatangaza transista iliyojengwa juu ya ujuzi huo, na jamii hiyo ya transista ndiyo iliyojaa ndani ya simu zenu. Meli zinazotoka Kilindini kwenda Ulaya kwa njia ya Suez hupita Port Said. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Changamwe anapaswa kulijua jina la Atalla kabla ya kukariri majina ya mabilionea wa Kalifornia.

Mafundi wataniuliza: na paneli zetu je? Ile rangi ya buluu mnayoiona ni tabaka la nitridi ya silikoni, kama nanomita 75 hadi 80. Silikoni tupu iliyong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoipiga. Tabaka hilo hupunguza hasara hiyo, na haidrojeni iliyomo ndani yake huziba mikono mitupu. Kiwanda cha Naivasha kimekuwa kikiunganisha paneli tangu 2011, lakini seli huja kutoka nje zikiwa na uso uliokwisha kutengenezwa. Huku tunaweka kioo, plastiki, fremu na nyaya.

Chumvi ya hewa yetu haifiki kwenye seli kirahisi. Huanza na viunganishi, fremu na kisanduku cha nyuma, na huingia ndani pale tu kingo zinapoachia. Kuna ugonjwa mwingine usiotokana na bahari: sodiamu iliyomo ndani ya kioo chenyewe cha paneli huhama na kuingia kwenye seli ikisukumwa na volti nyingi, joto na unyevu. Nyumba yenye mfumo wa volti 12 haina haja ya kuuogopa. Ghala kubwa lenye paneli zilizounganishwa mfululizo hadi mamia ya volti linapaswa kuuogopa. Mteja wa aina hiyo mwambieni adai cheti cha IEC 62804 kwa sodiamu na IEC 61701 kwa chumvi ya hewani. Muuzaji akionekana haelewi swali, hilo nalo ni jibu.

Sasa mlango wa kwanza. Huko unaiondoa oksidi yote na kuunganisha molekuli moja kwa moja na silikoni. Kinachoiondoa ni asidi ya haidrofloriki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba baada ya kuchovya, uso hubaki umefunikwa na florini, na dhana hiyo ilikuwa na mantiki, maana kifungo cha silikoni na florini ni imara kupita kile cha silikoni na haidrojeni. Vipimo vilionyesha kinyume: uso umejaa haidrojeni. Florini huvuta elektroni kwa nguvu mno hata vifungo vya nyuma vya atomu ile ya silikoni vinalegea, na atomu nzima inang'olewa na kwenda zake katika asidi. Haidrojeni isiyo na fujo ndiyo inayosalia. Mwaka 1993 Linford na Chidsey wakaonyesha kwamba haidrojeni hiyo inaweza kubadilishwa na minyororo ya kaboni. Kifungo cha silikoni na kaboni hakivunjwi na maji, na ndiyo maana njia hii inapendwa kwa vihisi vinavyokaa ndani ya damu au maji ya chumvi.

Lakini asidi ile hupenya ngozi na kukamata kalisiamu ya mwili, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kuua. Maabara isiyo na jeli ya kalisiamu glukoneti, kabati la kufyonza mvuke na watu waliofunzwa isiinunue hata chupa moja. Kazi hiyo tuwaachie wenye vyumba safi visivyo na vumbi, kama kampuni ya nusu-vipitishi iliyoko Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri.

Mlango wa pili hauiondoi oksidi, unaitumia. Uso wa oksidi umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni, na uso wa kioo cha kawaida ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kemia unayoijaribu kwenye slaidi ya kioo ya shilingi chache inahamia kwenye silikoni bila mabadiliko makubwa. Dawa yenyewe ni silani: molekuli yenye kichwa kinachojifunga kwenye kioo na mkia wa kazi unayoitaka. Mkia wa mafuta hukataa maji. Mkia wa amini hushika protini. Jacob Sagiv alilieleza tabaka la namna hii mwaka 1980, akitumia silani yenye mnyororo wa kaboni 18. Baadhi ya dawa zinazofanya maji ya mvua yateleze kwenye kioo cha mbele cha trela hufanya kazi kwa misombo ya ukoo huo.

Mfano mzito zaidi uko Kilifi. Watafiti wa malaria huko, kundi la Faith Osier, walichapisha mwaka 2018 slaidi waliyoiita KILchip, yenye protini zaidi ya 100 za vimelea vya malaria zilizopangwa kwa madoa madogo ili kupima kingamwili katika damu kidogo. Slaidi za aina hii zinahitaji uso ulioandaliwa kikemia. Bila hivyo, madoa huondoka slaidi inaposuuzwa mara ya kwanza.

Shida yetu ni unyevu. Silani inahitaji maji kidogo sana, yale yaliyonata kwenye kioo, ili kichwa chake kifunguke. Yakizidi, molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuangusha madonge meupe juu ya slaidi. Hapa unyevu hupita asilimia 70 siku nyingi, na maelekezo yaliyoandikwa kwa maabara kavu za Ulaya hayafai kufuatwa yalivyo. Silani za klorini ziepukwe: ni kali kwa unyevu na hutoa mvuke wa asidi. Tuanze na zile za ethoksi, ambazo huenda polepole, tufunge vyombo, na tuweke silika jeli kavu ndani yake.

Kipimo ni tone la maji. Liangusheni kwenye slaidi, pigeni picha ya ubavuni kwa simu, chapisheni na pimeni pembe kwa protrakta. Kioo safi hutoa pembe inayokaribia sifuri. Tabaka zuri la mkia mrefu hufika kama digrii 110. Ikibaki chini ya 90, kuna mapengo. Ninapendekeza kila shule inayoshiriki iandike pembe hiyo pamoja na unyevu wa siku, mara moja wakati wa Kaskazi na mara moja wakati wa Kusi, kwa silani ileile na muda uleule wa kuchovya. Masalia yasimwagwe kwenye sinki: yaachwe kwenye chombo kisichofungwa kabisa, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, hadi yagande, ndipo yapelekwe kwa mwenye leseni ya taka za kemikali.