Mafunzo ya Mafundi wa Eropleni: Kitabu na Mkono



Leo twapenda kunena nanyi habari za mafundi watengenezao eropleni. Rubani ajulikana na wengi, bali fundi hajulikani, ilhali roho za abiria zi mikononi mwake.

Siku hizi mafunzo ya kazi hii huchanganywa. Mwanafunzi husoma mambo ya kitabu, mengine mbele ya mwalimu, na mengine kwa kompyuta akiwa mbali. Kisha huingia karakana, akashika spana na kufungua injini kwa mikono yake. Kanuni za Ulaya kwa cheo cha B1.1, yaani fundi wa eropleni zenye injini za tabini, zataka saa 2,400 za mafunzo ya msingi. Elimu ya kitabu huchukua nusu yake, au kuzidi kidogo, wala haipiti sehemu sita katika kumi. Zilizobaki ni za vitendo.

Pengine mtu atauliza, Je, mkono uliozoea hautoshi? Twamjibu kwa kisa. Tarehe 10 Juni 1990 eropleni moja ilitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilipofika juu kadiri ya futi 17,300, kioo cha mbele cha upande wa rubani mkuu kiling'oka, naye akavutwa nje nusu ya mwili. Watumishi wa eropleni wakamshika miguu, na rubani wa pili akaishusha Southampton. Hakufa hata mtu mmoja.

Sababu yake nini? Kioo kile kilikuwa kimetiwa upya saa 27 tu kabla ya safari. Katika parafujo 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ipasavyo, na 6 zilikuwa fupi. Aliyezitia alikuwa fundi mzoefu. Lakini alizilinganisha kwa macho na zile za zamani, asitazame orodha ya vyombo. Na zile za zamani nazo hazikuwa za kipimo chake! Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi, mkono bila kitabu ni hatari. Na kitabu bila mkono ni hatari vile vile, maana asomaye tu hajui uzito wa spana inapokaza.

Walimu, wazoezeni watoto hesabu, vipimo, na kusoma maagizo neno kwa neno. Machifu, watieni moyo wazazi, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Nairobi na Dar es Salaam viko vyuo vifundishavyo kazi hii. Lakini mzazi asiuze ng'ombe wake kwa ajili ya chuo kinachoahidi cheti cha ufundi kwa kompyuta peke yake. Na aulize kwanza: Karakana i wapi, na mwanangu atashika chombo siku ngapi?

Tumekwisha. Aliyesikia na amwambie jirani yake.