Umri wa Yai: Kutunza na Kuuza Mayai ya Kuku wa Nyumbani Mkumbi



Nimeombwa kuzungumzia mayai ya kuku wachache wa nyumbani, nami nitashikilia jambo moja: umri wa yai. Mama lishe wa Mbinga mjini anayeyapita mayai yetu akaenda kununua trei ya mayai ya kisasa hakimbii ladha. Ladha ya yai la kienyeji anaijua na anaipenda. Anachoogopa ni kulipasua mbele ya wateja akakuta damu, au kifaranga kilichoanza kuota manyoya. Akikutana na yai viza mara moja, mayai ya kijiji kizima yameharibiwa jina.

Kuku wetu anayejitafutia chakula hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia na kulea. Kwa mwaka anatoa kati ya 40 na 60, wakati kuku wa mayai wa kisasa anapita 250. Kwa wingi hatuwezi kushindana. Na huko kutaga kwa mkupuo ndiko kunakotuponza. Mtetea akijificha kwenye mibuni au chini ya migomba, siku anapotaga la mwisho yai la kwanza lina wiki mbili au zaidi. Akianza kulalia, joto lake linaamsha kiinitete, na baada ya siku tatu hivi mishipa ya damu imeanza kuonekana. Mtoto akiokota mayai hayo na kuyapeleka dukani, kwa nje yote yanafanana.

Dawa yake ni kiota ndani ya banda, penye gizagiza na nyasi kavu, na kuokota mayai kila siku, mchana na tena jioni. Mwachie mtetea yai moja lenye alama ya mkaa asije akahama. Yanayobaki yaandikwe tarehe kwa penseli siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo mama aamue: hili la kuatamiwa, hili la kuuza. La kuatamiwa liwe la ukubwa wa wastani, lisilo na ufa, lisizidi siku 7. La kuuza lisisubiri kuku aanze kulalia. Wengine wanamlaumu jogoo bure. Yai lenye mbegu ya jogoo likiokotwa mapema na kuwekwa mahali pa baridi linalika vizuri kama lingine.

Naomba sana tuache kuosha mayai kwa maji baridi ili yang'ae. Ganda lina vitundu maelfu, na juu yake upo utando unaovilinda. Maji yanauondoa utando huo, ubaridi unafanya yaliyomo yanywee, na uchafu unavutwa ndani pamoja na bakteria wanaoharisha watu. Yai lenye vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana liliwe nyumbani siku hiyo, limeiva kabisa. Hifadhi mayai upande butu ukiwa juu, mbali na jiko na mafuta ya taa, maana yai hufyonza harufu.

Ubaridi wa milima ya Umatengo ni mali yetu. Hapa Mkumbi yai linadumu kuliko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na joto ni kali. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga imelileta soko la Mbamba Bay karibu, lakini yai lililotoka kwenye baridi likifika kwenye joto hutoka jasho, na unyevu huo hupitisha vijidudu. Liachwe likauke, lisifutwe wala kufunikwa kwa plastiki, na liuzwe upesi. Asiye na trei apange mayai kwenye ndoo yenye pumba kavu, hasa yakisafiri kwa bodaboda.

Sasa soko lenyewe. Nyumba yenye kuku watano haijazi trei ya mayai 30 kwa wiki moja. Ndiyo maana mayai huzeeka yakingoja wenzao. Nyumba sita au saba za jirani zikiunganisha mayai ya wiki hiyo, trei inajaa ikiwa mbichi. Mmoja ayamulike kwa tochi gizani kuondoa yenye damu, na mnunuzi aahidiwe kwamba likitokea viza atafidiwa. Wauza chipsi wanatafuta bei ya chini, tuwaachie mayai ya kisasa. Wetu ni wenye nyumba, wauza mayai ya kuchemsha, na wafugaji wanaotafuta mayai ya kutotolesha.

Mayai yanahitaji kuku wenye afya. Chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila miezi mitatu, tuichukue kijiji kizima kwa pamoja. Kuku akipewa dawa, mayai yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Fedha ya kahawa huja kwa msimu. Ya mayai inaweza kuja kila wiki, ikanunua chumvi na madaftari. Kwa desturi ni fedha ya mama. Nimeona trei ikianza kulipa, baba anataka kuishika. Nasema wazi: daftari la mayai likae kwa anayeyaokota.

Katika majadiliano naomba tutaje nyumba zilizo karibu kiasi cha mtu mmoja kuzipitia asubuhi, na siku ya wiki ambayo trei zitaondoka Mkumbi.