Redio ya Unguja Masikioni mwa Wapemba: Kutoka Sauti ya Unguja hadi ZBC

Mada kwa semina ya watangazaji na waandishi wa habari, Chake Chake, Pemba



Wengi walioelezea historia ya redio yetu ya Visiwani wameielezea kutoka studio za Raha Leo, Unguja, upande wa kipaza sauti. Leo ningependa tuitazame kutoka upande wa spika, kwa sababu sisi wa Pemba ndiko tulikokaa muda wote. Kituo hiki kimebadilisha jina, wenyewe, vipindi na mitambo. Lakini kwa sehemu kubwa ya umri wake sauti imekuwa ikienda njia moja tu, ikitoka Unguja kuja huku. Mpemba alisikia sana. Kusikika kwake kulikuwa kwa nadra, na mara nyingi jina lake lilitajwa redioni siku aliyofariki.

Sauti ya Unguja ilianza 1951, mwaka uleule ambao Dar es Salaam nayo ilianza kutangaza. Ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na vipindi vyake vilifuata haja za serikali hiyo: habari zilizochujwa, hotuba za wakubwa, mafunzo ya afya na kilimo. Kama kingeishia hapo, nadhani wazee wetu wasingepoteza pesa kununua redio. Kilichowavuta ni taarab. Siti binti Saad alikuwa amefariki 1950, mwaka mmoja kabla ya kituo kufunguliwa, lakini sauti yake ilikuwa kwenye sahani za santuri tangu aliporekodi Bombay mwaka 1928. Ikhwani Safaa, iliyoundwa 1905, ilikuwa tayari na umri wa mtu mzima, na 1958 likaja kundi la Culture. Kituo kikawaita wanamuziki studio, kikawarekodi, kikawapiga tena na tena. Kwa hiyo nyimbo ambazo awali zilikuwa za harusi na kumbi za mjini zikafika Konde, Kengeja na Mkoani, kwa watu ambao hawakuwahi kuziona fidla na ganuni zikipigwa.

Redio za wakati ule zilikuwa masanduku ya mbao yenye valvu, na baadhi yake zilikuwa na jicho la kijani lililojikaza pale kituo kinaposhikwa barabara. Waya wa eriali ulivutwa kutoka dirishani hadi juu ya mnazi. Mwenye redio hakusikiliza peke yake. Alifungua dirisha, na baraza ikajaa. Asiyekuwa na redio alijua saa ya habari sawasawa na mwenye nayo.

Hapa lazima niseme neno juu ya mawimbi yenyewe, maana bila hilo historia hii haieleweki. Masafa ya kati hutambaa juu ya uso wa ardhi, na maji ya chumvi huyapitisha vizuri zaidi kuliko udongo mkavu. Kati ya Unguja na Pemba kuna bahari tupu. Mchana mtu wa Mkoani aliweza kuipata Unguja kwa usafi ambao mtu wa bara aliye ndani kiasi hichohicho asingeupata kutoka kituo chake. Usiku mambo hubadilika: tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hayo mchana hutoweka jua likizama, mawimbi yakapanda juu, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini mamia ya maili kutoka yalikotoka. Ndiyo maana usiku Pemba ilikuwa njiapanda ya sauti. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ziko jirani. Na kwa masafa mafupi, Cairo.

Cairo ilibadilisha mengi. Mwaka 1954 serikali ya Misri ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni waziwazi, na mmoja wa watangazaji wake mashuhuri alikuwa mtu wa Visiwani, Ahmed Rashad Ali. Watu waliokwishazoea kutafuta Cairo kwa ajili ya Umm Kulthum, ambaye kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake alirushwa hewani moja kwa moja, sasa wakaitafuta kwa ajili ya siasa. BBC ilifungua idhaa yake ya Kiswahili Juni 1957, na mwaka huohuo Unguja na Pemba zikapiga kura kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo Sauti ya Unguja haikuwa tena sauti pekee. Msikilizaji wa Wete alisikia habari moja kwa namna tatu, akapima mwenyewe. Tabia hiyo ya kupima Wapemba hatujaiacha, na watangazaji mlioko hapa mnajua vizuri ninachokisema.

Sasa nifike Januari 1964, na hapa nitakaa kidogo.

Mapinduzi yalipiganwa Unguja. Hapa Pemba hapakuwa na mapigano usiku ule. Mapinduzi yalikuja kwetu kwa redio. Jumapili ya tarehe 12, Shaabani ikiwa ukingoni na watu wakijiandaa kwa Ramadhani, sanduku la mbao lililozoea kupiga taarab na kusoma bei za mazao lilianza kutoa sauti ya mtu aliyejitambulisha kuwa Fildi Mashali. Mtu huyo, John Okello, alikuwa mzaliwa wa Uganda, na Kiswahili chake hakikuwa cha Unguja wala cha Pemba. Alitoa amri, alitisha, alitaja adhabu, alijigamba kwa idadi ya askari na silaha. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba Okello hakuwa mgeni Pemba. Alifika kisiwani hapa 1959, akaishi na kufanya kazi za mikono, na Unguja alihamia 1963. Wapo waliomfahamu kwa sura, na sasa walikuwa wakimsikia akiwa mtawala.

Fikirini maana yake kwa historia ya redio. Serikali ya Sultani ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, tangu 10 Disemba 1963. Kabla hata kiongozi mmoja wa utawala mpya hajakanyaga gati ya Pemba, mamlaka yalikuwa yamekwishahama, na yalihama kupitia spika. Hakuna mpangilio mwingine wa vipindi uliowahi kubadilika kwa kasi hiyo.   Kilichoubadilisha ni bunduki, na wasikilizaji hawakuwa na kituo kingine cha Visiwani cha kuhamia.

Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 redio haikuingizwa katika mambo ya Muungano. Zanzibar ilibaki na chombo chake, ambacho tulikuja kukizoea kwa jina la Sauti ya Tanzania Zanzibar, STZ, na Tanzania Bara ikawa na Redio Tanzania Dar es Salaam kuanzia 1965. STZ tuliipata katika kilohezi 585 za masafa ya kati, na masafa mafupi yalirushwa kutoka Dole, katika kilohezi 11735, yakifika Ghuba na hata Ulaya.

Miaka ya STZ ndiyo ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa mwili mzima. Ilikuwa redio ya hotuba, ya maagizo, ya maadhimisho. Ilikuwa pia redio ya karafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar, na tangu 1968 mnunuzi alikuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Bei ikitangazwa redioni imetangazwa. Hapakuwa na dalali wa kwenda kumuuliza. Msimu ukifika, mchana karafuu zilichumwa, na usiku familia ilikaa kwenye majamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, taa ya mafuta katikati na redio ya mkulima imening'inizwa msumarini. Mawe ya betri yakichoka yalianikwa juani asubuhi ili yapate nguvu ya kumalizia juma. Redio hiyohiyo ikatuonya dhidi ya magendo, na sote tulisikiliza kwa adabu, wasafirishaji wa magendo wakiwemo.

Mwaka 1974 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, miaka ishirini kabla ya Bara kuwa na kituo chochote cha televisheni. Tunajivunia, na tuna haki. Ila vijiji vingi vya Pemba havikuwa na umeme, na kisiwa kizima kilitegemea majenereta hadi waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010. Televisheni ya rangi ilikuwa hadithi tuliyohadithiwa na redio.

Kipindi kilichodumu kuliko vyote ni matangazo ya vifo. Serikali zimepita, wakurugenzi wamepita, muziki umebadilika, matangazo ya vifo yapo. Tazameni umbo lake: jina la marehemu, kisha mtoto wa nani, kisha ndugu zake popote walipo, Wete, Mombasa, Dar es Salaam, Maskati, kisha mahali pa maziko na saa, baada ya sala ya adhuhuri au alasiri. Kwa sekunde chache ukoo mzima unachorwa hewani. Mtangazaji asiyejua kutamka Kiuyu Minungwini au Mtambwe alijulikana papo hapo, na barazani watu walimrekebisha ingawa hakuwasikia. Ukiniuliza ni wapi Pemba ilikuwa na nafasi sawa na Unguja katika redio, nitakujibu ni hapo.

Vyama vingi vilirudi 1992, na chaguzi za 1995 na 2000 zikakipima kituo. Waangalizi wa uchaguzi waliandika kwamba vyombo vya serikali viliegemea chama tawala. Wapemba hawakusubiri ripoti. Walifanya walichokifanya baba zao miaka ya hamsini: walisogeza sindano, safari hii kutafuta BBC na Deutsche Welle, wakasikia kutoka London na Cologne habari za Chake Chake. Ni aibu kwa chombo chochote cha habari pale msikilizaji anapolazimika kwenda Ulaya ili ajue lililotokea mtaa wa pili. Nalisema hili bila ya kumlaumu mtangazaji mmojammoja, kwani wengi walisoma walichopewa.

Kisha likaja wimbi la FM, na nitalipita haraka kwa kuwa wengi wenu mnaliishi. Vituo binafsi vilianza Unguja. Hapa kwetu tukapata Redio Istiqama na Redio Jamii Micheweni, iliyosaidiwa na UNESCO. Kwa mara ya kwanza kituo kizima kikazungumza kutoka ardhi ya Pemba, kwa watu wa Pemba, juu ya mwani, samaki, visima na skuli. Katikati ya miaka ya 2000 palikuwa na jambo zuri jengine: mpango wa Tucheze Tujifunze, ambapo watoto wa umri wa chekechea walifundishwa kwa redio wakiwa na mlezi wao, wakiimba, wakihesabu, wakiruka kwa amri ya spika. Mwaka 2013 sheria ikaunda Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, redio na televisheni zikawa nyumba moja, na Spice FM ikawalenga vijana.

Faida za FM hazihitaji mtetezi. Sauti ni safi na mtambo ni nafuu. Lakini mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, hayatambai juu ya bahari. Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, kwa wiki au miezi, Tanga, Kenya au kusini, aliweza kuwa na STZ ndani ya ngarawa kwa redio ndogo na mawe mawili ya betri. Alisikia utabiri wa hali ya hewa, mwezi umeandama au la, nani amefariki kijijini. Leo anaambiwa atumie simu, na simu inataka mnara, chaji na vocha. Wanaopanga mitambo wanahesabu wakaazi wa nchi kavu. Kisiwa ambacho sehemu kubwa ya wanaume wake hulala baharini kinahitaji hesabu nyengine, na naiomba ZBC isiyachukulie masafa ya kati kuwa ni mzigo wa enzi zilizopita.

Ombi langu la pili ni juu ya kanda. Hazina ya taarab, hotuba na michezo ya kuigiza iliyorekodiwa Raha Leo inajulikana duniani, na wataalamu wamekuja kuifuata kutoka mbali. Sehemu ya Pemba ndani ya hazina hiyo ni ndogo: msewe, kirumbizi, nyimbo za mchezo wa ng'ombe, mazungumzo ya wazee kwa Kipemba chao hasa, si kile cha kuchekeshea katika michezo. Studio ya Chake Chake ipo. Ipewe saa zaidi hewani na fundi wa kurekodi vijijini, na inachorekodi kirushwe Unguja pia, si kwetu pekee.

Na kwenu mlioko ukumbini: majumbani mwetu zimo kaseti za harusi, za maulidi, za mikutano ya 1995, na nyengine zilizorekodiwa kwa kuweka kinasa mbele ya redio. Unyevu wa kisiwa hiki unazila kila masika. Aliye nazo asizitupe. Azilete studio zinakiliwe, arudishiwe zake, na jina la aliyeimba au aliyesema liandikwe juu yake angali yupo wa kulikumbuka.