Kabla ya Matangazo ya Jumapili: Mchungaji na Usharika Unaobadilika



Nimepewa mada ya mchungaji na mabadiliko usharikani. Nitaichukua upande mmoja tu: mahali badiliko linapoanzia. Sharika zetu nyingi hulisikia kwa mara ya kwanza kwenye matangazo, watu wamechoka na waumini wa ibada ya pili wanasubiri nje. Mchungaji anatangaza kwamba kuanzia Jumapili ijayo kwaya kuu itaimba wimbo mmoja ili kikundi cha sifa kipate nafasi, au kwamba ahadi zitalipwa kwa simu. Hakuna anayenyoosha mkono wakati wa matangazo. Maswali huulizwa nje, kwenye mnada wa ndizi na kuku wa sadaka, na hapo mchungaji hayupo kuyajibu.

Tumezoea kusema wazee hawapendi mambo mapya. Si kweli. Mwaka 2020 corona ilipoingia, Serikali ya Tanzania haikufunga nyumba za ibada, lakini ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni na wazee walewale wakanawa. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mama anayekataa kutoa sadaka kwa lipa namba hupokea fedha za wanawe kwa simu hiyohiyo. Anachotetea ni kuinuka kitini, kutembea hadi madhabahuni na kumtolea Mungu kwa mkono wake mwenyewe. Mchungaji ambaye angekaa naye kwenye jumuiya angelijua hilo, na pengine angeziacha njia zote mbili zitumike.

Lipo jambo tusilolisema vya kutosha: sisi wachungaji tunahamishwa. Mzee wa kanisa aliyekaa barazani miaka mingi amepokea na kuaga wachungaji kadhaa, kila mmoja na utaratibu wake. Ndiyo maana hunyamaza akangoja uhamisho. Badiliko ambalo baraza halikulijadili, halimo kwenye muhtasari wala kwenye makabidhiano, ni mali ya mchungaji, na ataondoka nalo pamoja na vyombo vyake.

Sisi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tunayo historia ya kujifunzia. Mkutano Mkuu ulipokubali mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, kila dayosisi iliachiwa iamue kwa wakati wake. Wa kwanza walibarikiwa 1991. Kwingine ilichukua miaka zaidi. Subira ile ilisaidia kulinda umoja wa kanisa. Lakini tuseme pia nani aliibeba: ni wanawake waliokwisha kusoma theolojia, wakaendelea kungoja. Kwa hiyo siwaombi mchelewe, bali mshirikishe watu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, yalipozuka manung'uniko kuhusu wajane waliosahauliwa, mitume waliwaita wanafunzi wote wakawaachia wachague watu saba. Jambo zito likapata ufumbuzi, nao walionung'unika walikuwemo katika kuamua.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi. Naomba kila mmoja wetu ataje badiliko moja analokusudia usharikani kwake, kisha aandike jumuiya atakazozitembelea na wazee atakaozungumza nao kabla ya kulipeleka barazani. Na hadi hayo yote yafanyike, asilitangaze.